Kengele Ndani ya Vali

Juu ya mlango wa chumba cha kazi cha Mawimbi kulikuwa na taa nyekundu, ndogo kama pilipili, na katika nyumba ile hapakuwa na sheria iliyoheshimiwa kuliko taa hiyo. Ikiwaka, hakuna kuita mtu. Hakuna kuburuta kiti, hakuna kubamiza mlango, na chafya ukiweza kuimeza, imeze. Binti yao alijua kutembea kwa ncha za vidole kabla hajajua kusoma, na hata alipoolewa akahamia mji mwingine, mumewe alimtania kwamba ameoa paka: unageuka, yuko nyuma yako, na hukumsikia alipoingia.

Taa ilitoka kazini. Mawimbi alikuwa fundi mitambo wa kituo cha redio tangu ujana wake mpaka nywele zilipomkimbia utosini. Jina lake alipewa huko huko, kwa sababu ya tabia ya kumkatiza mtu katikati ya maneno, kidole juu, macho yameelekea dari: "Subiri. Kuna wimbi limepotea." Kituoni taa nyekundu ikiwaka, maikrofoni iko wazi, na sauti yoyote ambayo haikualikwa ni kasoro. Kiti kikilia, kasoro. Mtangazaji akimeza mate, kasoro. Kazi ya fundi ni kuitafuta ilipojificha na kuiua. Kazi hiyo aliifanya maisha yake yote, na aliifanya vizuri, na humo ndimo ulimokaa msiba wake.

Siku kituo kilipoweka kompyuta mahali pa mitambo, walimpa saa ya ukutani, wakampigia makofi, wakamwambia akapumzike. Lakini mtu aliyezoea kusikiliza hapumziki, anahamia tu kwenye kitu kingine. Alisikiliza bomba la jikoni likidondosha tone. Alisikiliza friji. Alikaa sebuleni kama mgeni aliyefika kabla ya wenyeji, na alipochoka kukaa, alifungulia muziki wa zamani kwenye spika kubwa. Aliufungulia kwa sauti ya juu, maana miaka ya kubana masikio kwa hedifoni ilikuwa imeyala kidogo kidogo, kama panya anavyokula sabuni.

Mkewe hakuwa mtu wa kuogopa kelele. Alikuwa amefundisha watoto wa chekechea mpaka alipostaafu, darasa zima likilia kwa pamoja naye anakata karatasi za rangi huku anatabasamu. Kwa hiyo asubuhi ile alipozungumza, ilifaa mtu ashtuke.

"Baba, hiyo spika yako ina lazima ya kuongea na mtaa mzima?"

"Hujawahi kulalamika."

"Nilikuwa kijana. Sasa nataka kulala kidogo mchana."

"Mchana? Wewe?"

"Kwani mchana una mwenyewe?"

Mawimbi akacheka, akapunguza sauti. Aliyasikia maneno, jambo lenyewe likampita. Alichokiona mbele yake ni kazi: mke anataka kimya, mume anataka muziki, na fundi yupo. Angetengeneza amplifaya, kikuza sauti cha hedifoni, nzuri kuliko zote alizowahi kushika, ili yeye asikilize na mwenzake apumzike. Aliinuka pale kitini kwa wepesi ambao hakuwa nao tangu siku ya makofi.

Tuseme mapema, kwa kuwa mwenyewe hakusema: mwanamke yule alikuwa anaumwa. Maumivu yalianza chini ya mbavu kama kitu kilichomezwa vibaya, yakaja yakaenda, kisha yakazoea kuja. Dada yake mkubwa aliwahi kupelekwa hospitali kwa maumivu ya namna hiyo, na alirudi akiwa amebebwa. Hivyo alinunua dawa za dukani, akazificha kwenye kopo la majani ya chai, na kila mchana alikwenda kulala katika chumba cha zamani cha binti yao, kwenye kitanda chembamba cha chuma, kichwa kikiwa kimeelekea ukuta. Upande wa pili wa ukuta huo ndipo kilipokuwa chumba cha kazi cha mumewe.

*

Vali ililetwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mnene mwenye sauti ya mnadani, ambaye riziki yake ilikuwa kununua na kuuza vyombo vya umeme vilivyokufa. Alikuja na redio ya mbao iliyoliwa na mchwa, akaibwaga mezani.

"Shemeji, nimekuletea maiti. Fanya uganga wako."

"Umeifukua kaburi gani?"

"Usiulize. Ulipokuja kumchukua dada yangu, mimi nilikuuliza umefukuliwa wapi?"

Mawimbi aliifungua, akachomoa vali na kuinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Kichupa cha kioo, urefu wa kidole gumba, ndani yake visahani vya bati na nyaya nyembamba kama unywele. Aliipuliza vumbi polepole, jinsi mtu anavyompuliza mtoto jichoni.

"Kwa hiyo unatengeneza redio?"

"Amplifaya ya hedifoni. Mbele vali, nyuma transista. Vali inaikuza sauti na kuipa utamu, lakini haina nguvu za kusukuma hedifoni. Transista ina nguvu, utamu haina. Nimeamua kuzifungisha ndoa."

"Mbona hiyo ni popo? Si ndege, si mnyama."

"Basi popo."

Jina likashika. Tangu siku hiyo kikawa Popo, na hata mkewe alipopita na chai aliuliza, "Popo ameamkaje?"

Wakati wa kuondoka shemeji alisimama uani, akamtazama dada yake akianua nguo. Akashusha sauti, jambo lililokuwa gumu kwake. "Dada mbona amepungua?"

"Siku hizi analala mchana," Mawimbi akajibu, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Kwa sanduku la Popo alihitaji bati imara, akalichukua bati la kuokea keki kutoka kabati la jikoni, akalitoboa matundu. Alijiandaa kugombezwa. Bati lile mkewe alikuwa nalo tangu harusi, na keki yake ilijulikana. Zikapita siku, hakuliulizia. Mawimbi akashukuru bahati yake. Hakujiuliza ni tangu lini nyumba ile haikunuka keki.

Kazi ilianza. Alifunga meza yake ukutani kwa bolti ndefu ili isitikisike, akapanga vijipande vya umeme, resista na kapasita, kwa rangi na ukubwa, akalehemu kiungo kwa kiungo huku moshi ukimtoa machozi. Naye akapiga mluzi. Jirani yao, fundi cherehani, aliyekuwa na mashine yake kwenye kibaraza cha nyumba inayofuata, alisikia mluzi huo, akampungia mkono mke wa fundi juu ya ukuta wa ua.

"Jirani, mzee amepata nini? Anaimba kama kinda."

"Mwache," mkewe akasema. "Tangu astaafu sijamsikia akipiga mluzi. Mwache kabisa."

Na kwa ajili ya mluzi ule aliendelea kulificha kopo la majani ya chai.

*

Popo aliwashwa kwa mara ya kwanza mchana wa jua kali. Taa nyekundu ikawaka juu ya mlango, kama zamani. Kilichokuja kwanza ni kishindo, bum, kilichomfanya azing'oe hedifoni kichwani. Hilo alilitegemea: vali ikiwa baridi, transista zinachanganyikiwa, zinaurushia umeme wote masikioni. Aliongeza swichi ndogo inayongoja vali ipate moto kwanza ndipo iunganishe hedifoni. Unawasha, unasubiri, nyuzi ndani ya kioo zinageuka rangi ya kaa la moto, swichi inasema tik, na mlango unafunguka.

Baada ya kishindo ukaja mvumo, mm, kama nyuki ndani ya chupa. Alifuatilia nyaya za ethi, zile zinazopeleka umeme ardhini, akakuta zimeshikana kama wanandugu wenye ugomvi wa mirathi, kila mmoja kamshika mwenzake. Akazikata zote, akazifunga upya sehemu moja tu ya bati, na nyuki akafa. Kisha ukaja mkwaruzo, krr, unaanza na kukoma. Akatoka nje mbio na bisibisi mkononi.

"Jirani! Hebu shona."

"Nishone nini?"

"Chochote. Shona tu, halafu acha, halafu shona."

Fundi cherehani akakanyaga, akaacha, akakanyaga, huku Mawimbi akikimbia kati ya kibaraza na hedifoni. "Ni wewe!" akapiga kelele dirishani kwa furaha.

"Mimi nimefanya nini tena? Mwanamke wa watu nashona sare za shule, naambiwa ni mimi!"

Kichujio kidogo cha umeme kikaumaliza na mkwaruzo huo. Ikabaki sauti moja.

Ilikuwa kengele. Ndogo, nyembamba, ting, katika sikio la kulia, ikifuatiwa na mwangwi unaofifia kama glasi iliyoguswa kwa ukucha. Haikuwa na mpango. Muda mrefu inaweza isilie kabisa, kisha ikalia kwa kufuatana, ting, ting, halafu ikanyamaza. Mawimbi alizijua vali. Alijua kwamba vali kuukuu ni kama kioo cha dirisha: visahani vyake vikilegea, ukiigonga, inalia. Aligonga kwa kijiti, ikalia sauti ile ile. Lakini aliweka mikono mapajani, akakaa kama sanamu, meza imefungwa imara, hakuna anayegusa kitu. Ting. Vali hailii bila kugongwa, na pale hapakuwa na wa kuigonga. Kwa hiyo, akajiambia, kasoro si vali, kasoro ni ya umeme. Hesabu ilikuwa safi kabisa, na haikuwa kweli.

Alirudia viungo vyote kwa risasi mpya ya kulehemu. Alibadili resista. Alibadili transista ya kulia, kisha ya kushoto ili ya kulia isijisikie vibaya, kama alivyomwambia mkewe. Ting. Mkewe alimkuta jikoni siku moja ameketi na kikombe kilichopoa.

"Popo anaumwa?"

"Ana kengele. Inalia sikioni, sijui itokako. Nimepekua kila kona, mama, nimeshindwa kuiua."

"Inalia saa ngapi?"

"Mchana tu. Asubuhi hakuna, jioni hakuna. Wewe ukiwa umelala ndipo inaanza, kama mtoto mtundu."

Mkewe akageukia sinki, akaosha kijiko kilichokuwa tayari safi.

Ni lori ndilo lililompa jibu. Lori la mchanga lilipita barabarani, dirisha likatetema, na kwenye hedifoni kengele ikalia mfululizo. Mawimbi akajipiga kofi kwenye paji la uso. Meza haigongwi na mtu. Inagongwa na ukuta! Aliifunga mwenyewe kwa bolti, na kila kishindo cha dunia kinapanda ukutani, kinapita kwenye bolti, kinafika kwenye kioo. Alimfuata mkewe uani kama mtoto aliyeokota kitu.

"Nimeipata! Vali ina masikio."

"Masikio?"

"Inasikia mtikisiko. Chochote kikigusa ukuta, inalia."

"Ukuta upi?"

"Huu wa katikati, kati yangu na chumba cha binti. Nitaikalisha kwenye mpira, niivike na pete ya mpira shingoni. Haitasikia tena kitu."

Mkewe alikuwa ameshika shuka lenye maji. Alilikamua, akalikamua tena, mpaka halikuwa na tone.

"Vizuri," akasema. "Ivike."

Mchana ule Mawimbi alikata vipande vya tyubu ya baiskeli, akakalisha soketi ya vali juu yake, akaivika pete. Akavaa hedifoni, akawasha taa nyekundu, akasubiri. Tik. Kimya. Kimya kilichokamilika, cheusi, kama kile cha studio usiku wa kuamkia matangazo makubwa. Alikaa ndani yake mchana mzima, na kengele haikulia. Jioni alimwita mkewe, akamketisha kwenye kiti chake, akamvika hedifoni kwa mikono miwili kama anayemvika taji.

"Unasikia chochote?"

"Hapana."

"Nimeiua," alisema Mawimbi.

Mkewe alifumba macho. Muziki ulipoanza, ule wa siku zao, machozi yalimtoka chini ya kope zilizofungwa, na mumewe akajivuna, akadhani ni utamu wa vali.

*

Majira yakabadilika. Kila mchana taa ilikuwa inawaka. Mawimbi alikaa na Popo akisikia vinanda vya zamani kana kwamba wapigaji wamekaa naye chumbani. Alisikia hata pumzi ya mpiga tarumbeta kabla hajapuliza. Alinenepa kidogo. Mkewe alikonda, akasema ni meno, akasema ni joto.

Binti yao alikuja kuwasalimu bila taarifa. Mama yake alipomkumbatia, binti aliushika ule mgongo uliobaki mifupa, akamtazama baba yake juu ya bega la mama. Alichukua mkoba wake, akaupeleka chumbani kwake kwa zamani. Kisha akaita, na katika nyumba ile kuita kulikuwa jambo la ajabu, maana taa ilikuwa inawaka.

"Baba! Njoo hapa."

Akaja, hedifoni zikiwa shingoni.

"Kwa nini kitanda changu kiko katikati ya chumba, kama cha hospitali?"

Mawimbi akatazama. Kitanda cha chuma kilikuwa kimeburutwa mbali na ukuta. Sakafuni kulikuwa na michirizi ya miguu ya kitanda. Na ukutani, mahali kichwa cha kitanda kilipokuwa, rangi ilikuwa imebanduka. Alama mbili, moja kila upande, ambapo nondo za kitanda zilikuwa zikigonga. Zilikuwa zimechimba mpaka kwenye simenti. Hiyo haikuwa kazi ya mtu aliyejigeuza usingizini. Ilikuwa kazi ya mtu aliyezishika nondo kwa mikono yote miwili, akajikunja, akavuta.

Kando ya alama hizo vilichomoza vichwa vya bolti za meza yake.

Alinyoosha kidole, akakiingiza katika tundu. Lilikuwa na kina cha ukucha. Akasimama hivyo, fundi wa kusikiliza, na kengele zote alizoziua zikamlilia kichwani kwa pamoja.

Alimkuta mkewe jikoni, amekaa. Mkewe alijua amegunduliwa. Alikuwa ameshusha kopo la majani ya chai, liko mezani mbele yake.

"Kwa nini hukuniita?"

Hakumwambia habari za dada yake wala za mluzi. Hayo aliyasema baadaye, kidogo kidogo. Siku ile alimjibu kwa upole, kama alivyowajibu watoto wa chekechea waliouliza jambo lililo wazi.

"Taa ilikuwa inawaka, baba."

*

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya kuchoka. Alizitazama picha kwenye ubao wa mwanga, akaanza kusema, "Mngekuja ma—" kisha akalikata neno, akaeleza dawa za kupunguza maumivu. Mawimbi aliona ile nusu ya neno ikining'inia hewani. Alirudi nayo nyumbani, na haikumtoka tena.

Alichofanya kwanza ni kupanda kwenye kiti na kuing'oa taa nyekundu. Kisha akakirudisha kitanda ukutani. Binti alidhani baba amechanganyikiwa. "Mama atumie kitanda chenu, kikubwa."

"Anataka hiki," Mawimbi akasema, na ilikuwa kweli: kulikuwa na dirisha la uani, na mkewe alipenda kuona nguo zikipepea.

Tatizo lilikuwa kuita. Mtu aliyefunzwa kimya maisha yake yote hawezi kukitapika kwa siku moja. Binti alimwekea mama kengele ya mkono kando ya mto, hakuigusa. "Mmechoka," alisema. "Nyie laleni." Akizidiwa, alizishika nondo na kuuma shuka. Na masikio ya mumewe, yale yaliyoliwa, hayakusikia kitu hata akiwa chumba cha pili mlango wazi.

Basi Mawimbi alimfungua Popo. Alizichomoa pete za mpira, akazitupa. Alikalisha soketi moja kwa moja kwenye bati, akakaza bolti za meza mpaka ukuta ukaguna. Hakuunganisha muziki wowote. Akawasha, akavaa hedifoni, akaongeza sauti mpaka mwisho, akakaa akisikiliza ukuta. Alikuwa ametumia siku nyingi kuifanya vali iwe kiziwi. Sasa aliiomba isikie.

Ting.

Alikuwa mlangoni kwake kabla mwangwi haujafifia, maji mkononi, na kidonge.

Mara ya kwanza mkewe alidhani ni sadfa. Mara ya pili akamkazia macho. "Umejuaje?"

"Popo kaniambia."

Akafikiri. Kisha akacheka, kicheko kilichomuumiza mbavu, na akaendelea kucheka huku amezishika. "Kumbe unanisikiliza kwa chupa! Mume gani huyu, masikio ya kuzaliwa nayo yamemshinda."

"Sikio langu lilikuwa bovu. Nimeweka spea."

"Na bati langu la keki je? Unadhani sikuona?"

Baada ya hapo alianza kugonga kwa hiari yake, na hilo Mawimbi alilipokea kama mtu aliyesamehewa. Kwa ukucha kwenye nondo, mara moja: maji. Mara mbili: njoo tu. Siku za mwanzo mara nyingi aligonga moja. Siku za mwisho aligonga mbili tu, na Mawimbi aliingia akakuta hakuna kinachotakiwa, ila mkono uliolala juu ya shuka kiganja kikiwa wazi. Akakaa. Wakatazama nguo uani.

Shemeji alikuja kila alipopata nafasi. Alisimama mlangoni, unene wake wote hajui auweke wapi. "Dada, huyu mfukuliwa wako anakutunza?"

"Ananitunza."

"Akikusumbua nitamrudisha nilipomtoa," akasema, na sauti ya mnadani ikakatika katikati, akatoka akaenda kusimama uani, uso ameuelekeza kwenye shuka zilizoanikwa.

Alfajiri ya siku yake ya mwisho hakugonga. Hakukuwa na haja. Mumewe alikuwa ndani, binti alikuwa ndani, na mkono ulikuwa tayari umeshikwa.

*

Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Fundi cherehani, kwa nia njema, alimnong'oneza mwenzake kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na binti akageuza shingo akamtazama mpaka yule mama akainamisha kichwa. Mawimbi alisikia, kwa mara moja masikio yake mabovu yakachagua kusikia. Alitaka kusema kwamba marehemu hakuficha. Aligonga ukuta mchana baada ya mchana, kwa nguvu zake zote, na mtu wa upande wa pili alisikia kila pigo. Lakini angeanzia wapi kueleza?

Nyumba ilipotulia, binti akiwa amelala kwa uchovu sebuleni na jua la alasiri limejaa uani, aliingia chumba cha kazi, akamwasha Popo. Nyuzi ndani ya kioo zikageuka rangi ya kaa. Tik. Alivaa hedifoni, akakaa. Mikono mapajani, kama sanamu. Lori la mchanga lilipita, vali ikalitaja. Mlango wa jirani ulifungwa, vali ikautaja. Kisha kimya, kile kile kizuri, cheusi, alichokitafuta maisha yake yote, bila kasoro yoyote ndani yake.

Alikivumilia kidogo. Halafu akavua hedifoni, akaziweka mezani taratibu, akaondoka bila kuzima. Alizunguka koridoni akaingia chumba cha pili, akaketi kwenye kitanda chembamba cha chuma, mahali godoro lilipobonyea. Alitazama dirishani. Kamba ilikuwa tupu.

Akanyoosha kidole kwenye nondo, karibu na tundu la ukutani, akagonga kwa ukucha. Mara moja. Mara ya pili.

Chumbani humo haukusikika hata mlio wa kumshtua nzi. Lakini upande wa pili vali ilikuwa imeshapata moto, na hilo alilijua kama fundi: kengele ililia, katika sikio la kulia la hedifoni zilizolala mezani, na hapakuwa na mtu wa kuinuka kitini.